Nta isiyoonekana: Jinsi ya kuufanya utando wa embe udumu

UKIMWAGA maji juu ya jani la nduma, hayatulii. Hujikusanya yakawa matone ya mviringo kama shanga, kisha huteleza na kuanguka chini, yakiliacha jani kavu kana kwamba halikuguswa. Wakazi wa mabonde ya Meru na Embu, ambako nduma hukuzwa kandokando ya mito, wanaijua hali hiyo vyema. Wachache hata hivyo hujiuliza ni kitu gani kinachoyafukuza maji hayo.

Jibu ni nta. Juu ya jani hilo mna vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na juu ya vinundu hivyo mna utando wa nta ambao haukupakwa na mtu. Chembe zake ndogo kabisa, yaani molekuli, hutoka ndani ya jani na kufika juu, kisha hujipanga zenyewe bega kwa bega hadi zikawa ngao. Sukuma wiki ina nta ya namna hiyo. Embe linayo, na avokado vilevile.

Kwa mkulima wa Mbeere, Runyenjes au Imenti Kusini, utando huo ni suala la riziki. Makadirio ambayo wataalamu wa kilimo huyataja mara kwa mara yanaonyesha kuwa kati ya asilimia 40 na 50 ya maembe yanayozalishwa nchini Kenya huharibika kabla ya kuliwa. Msimu unapofika kilele, kati ya Januari na Machi, matunda huiva kwa pamoja na soko hufurika. Mkulima asiye na namna ya kuyahifadhi hulazimika kukubali bei yoyote atakayotajiwa na dalali, la sivyo atayaona yakioza chini ya mti.

Ndiyo maana wanasayansi, humu nchini na ng'ambo, wamekuwa wakitafuta jinsi ya kulipa tunda utando wa pili juu ya ule wa asili, na hasa jinsi ya kuufanya utando huo usibanduke mapema. Ili kuelewa kazi hiyo, hatuna budi kuanza na molekuli zenyewe.

Kichwa na mkia

Molekuli nyingi za nta na mafuta zina umbo linalofanana na kiluwiluwi. Upande mmoja mna kichwa kinachopenda maji au kinachoweza kushikamana na kitu kigumu. Upande wa pili mna mkia mrefu wa kaboni na hidrojeni, ambao huyachukia maji. Zikiwekwa mahali panapofaa, vichwa vyote huelekea upande mmoja na mikia upande mwingine, kama mashina ya mahindi yaliyosimama wima shambani. Hakuna anayezipanga. Hujipanga kwa sababu hiyo ndiyo hali ya utulivu kwao.

Ushahidi wa jambo hilo ni wa kale. Katika karne ya 18, Mmarekani Benjamin Franklin alimwaga mafuta yasiyozidi kijiko kimoja cha chai juu ya kidimbwi huko Clapham, London. Mafuta hayo yalisambaa hadi yakatuliza mawimbi kwenye eneo la nusu ekari hivi. Hebu tupige hesabu. Kijiko cha chai hubeba mililita 5, na nusu ekari ni takriban mita mraba 2,000. Ukigawa kiasi hicho cha mafuta kwa eneo hilo, unapata utando wenye unene wa nanomita mbili na nusu, ilhali unywele mmoja wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000. Unene huo unakaribia urefu wa molekuli moja ya mafuta. Franklin hakufahamu hivyo, lakini alikuwa ametandaza mafuta yake karibu molekuli moja moja.

Mmarekani mwingine, Irving Langmuir, ndiye aliyeeleza kisayansi jinsi molekuli hizo zinavyosimama, na mwaka wa 1932 akatuzwa Nobeli ya kemia kwa uchunguzi wake kuhusu nyuso za vitu. Mnamo 1946, William Zisman na wenzake walionyesha kuwa molekuli za aina hiyo zaweza kujipanga zenyewe juu ya madini ya platinamu. Jacob Sagiv wa Israeli alifanikiwa kuzipanga juu ya kioo mwaka wa 1980. Miaka mitatu baadaye, Ralph Nuzzo na David Allara wa Marekani walizipanga juu ya dhahabu wakitumia molekuli zenye salfa kichwani, kwa kuwa salfa na dhahabu hupatana sana.

Kutokea hapo elimu hiyo imetumika katika vipimo vya maabara, katika vifaa vya elektroniki na katika kuzuia vyuma visishikwe na kutu. Lakini tatizo moja limewafuata wataalamu kila waendako. Utando unaojipanga wenyewe waweza pia kujipangua wenyewe.

Maadui wa utando

Adui wa kwanza ni joto. Molekuli hazitulii kamwe, na kadiri joto linavyopanda ndivyo zinavyotikisika. Zikitikisika kupita kiasi, mikia hupinda, safu huvurugika na baadhi ya molekuli hung'oka.

Adui wa pili ni hewa. Oksijeni, na hasa ozoni, huweza kuushambulia mshiko ulio kati ya kichwa cha molekuli na kitu kilichoshikwa. Utando wa salfa juu ya dhahabu, ambao ni imara ukiwa mpya, hudhoofika taratibu ukiachwa wazi.

Adui wa tatu ni maji yakiandamana na msuguano au sabuni. Kazi ya sabuni ni kuing'oa mikia inayochukia maji na kuibeba. Kwa hiyo kile kinachosafisha sahani jikoni ndicho kinachovua nta.

Adui wa nne huwasaidia hao wengine watatu, naye ni pengo. Safu ya molekuli haianzi kuharibika katikati ya sehemu iliyopangika vizuri. Huanzia penye kasoro, yaani penye vumbi, mkwaruzo au mpaka ambapo safu mbili hazikukutana sawasawa. Ni sawa na paa la mabati lililopakwa rangi: kutu huanza pale rangi ilipochubuka, kisha husambaa chini kwa chini.

Tiba za wataalamu hufuata maradhi hayo. Njia ya kwanza ni kurefusha mikia, kwa maana mikia mirefu hushikana kwa nguvu zaidi kuliko mifupi. Ya pili ni kuipa molekuli moja miguu miwili au mitatu, ili mguu mmoja ukiteleza mingine ibaki imeshika. Ya tatu ni kuzifunga molekuli jirani zenyewe kwa zenyewe, mithili ya wanakijiji walioshikana mikono, jambo ambalo hufanyika kwa kiasi fulani katika tando za kioo. Ya nne ni kubadilisha mshiko wenyewe. Mwaka wa 2014, Cathleen Crudden wa Chuo Kikuu cha Queen's nchini Kanada pamoja na wenzake walionyesha kuwa molekuli zinazoshika dhahabu kwa kaboni badala ya salfa huunda utando unaostahimili hata maji yanayochemka.

Kutoka dhahabu hadi embe

Je, mambo hayo yanamhusu vipi mkulima wa Embu? Yanamhusu kwa sababu embe lililochumwa bado li hai. Linapumua, linatoa joto na linapoteza maji. Likipoteza asilimia chache tu za uzito wake, ganda hunywea na mnunuzi hulikataa. Likiwa mtini, hujazwa maji na chakula kila siku, na nta yake huongezwa tunda linapokua. Likishatengwa na mti, akiba hiyo hukatika, na uwezo wake wa kuziba mapengo huwa mdogo.

Kisha sisi wenyewe huliongezea mashaka. Embe likikatwa kikonyo hutoa utomvu mkali unaochoma ganda na kuacha madoa meusi, hivyo ni lazima lioshwe. Lakini kuosha kwa sabuni na kusugua kwa nguvu huondoa pia sehemu ya nta. Magunia, safari za barabara mbovu na kurundikwa sokoni humalizia kazi. Embe lenye mikwaruzo hukauka haraka kuliko embe zima.

Tiba ya kale ni kulipaka tunda nta ngeni. Nta mbili zinazotumiwa sana duniani ni karnauba, inayotokana na majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi, na sheleki, ambayo ni utomvu mgumu wa wadudu wadogo wa bara Asia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamejaribu kupaka nta maembe ya aina ya Ngowe na kuyahifadhi katika joto la kawaida na katika baridi. Matunda yaliyopakwa nta yalichelewa kuiva na kunywea yakilinganishwa na yale yaliyoachwa bila nta.

Tiba mpya zaidi inatumia molekuli za mafuta ziitwazo monogliseridi. Kampuni ya Apeel, iliyoanzishwa na James Rogers jimboni California mwaka wa 2012, ndiyo iliyoivumisha njia hiyo. Rogers alikuwa amesomea sayansi ya maunzi, na wazo lake alilitoa katika chuma: kama utando mwembamba unaweza kuzuia chuma kisiliwe na hewa, kwa nini tunda lisipewe utando wa namna hiyo, uliotengenezwa kwa kitu kinacholika? Ruzuku ya kwanza ya kampuni hiyo, dola 100,000, ilitoka kwa Wakfu wa Gates, kwa azma ya kupunguza uharibifu wa mazao katika nchi zisizo na vyumba vingi vya baridi. Mnamo 2019, Umoja wa Ulaya uliidhinisha matumizi ya monogliseridi na jamaa zake juu ya matunda ambayo ganda lake kwa kawaida haliliwi, yakiwemo maembe na avokado.

Kinachoshikilia, kinachoachilia

Tofauti kubwa kati ya dhahabu na embe ni kwamba embe huliwa. Hatuwezi kulitundikia salfa wala kulifunga kwa kemikali za maabara. Utando wa tunda hushikiliwa na nguvu hafifu tu, mkia kwa mkia, kati ya mafuta yaliyopakwa na nta ya asili iliyo chini yake. Hata hivyo, kanuni zile zile za kuimarisha zinatumika.

Kanuni ya kwanza ni usafi na ukavu. Molekuli haiwezi kushika ganda ikiwa kati yao mna vumbi, utomvu au tone la maji. Tunda lioshwe kwa upole, lisuuzwe kwa maji safi hadi sabuni yote iondoke, kisha likaushwe kabisa kabla ya kupakwa. Hatua hii ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Kanuni ya pili ni mikia iliyonyooka. Kila mpishi anajua kuwa mafuta ya mgando huganda kwenye kopo ilhali ya maji humiminika kwenye chupa. Sababu kubwa ni kwamba mikia ya yale ya mgando mingi imenyooka na hupangika karibu karibu, na ya yale ya maji mingi imepinda. Kupaka embe mafuta ya maji ya kupikia, kama wafanyavyo baadhi ya wachuuzi ili ling'ae, hakuwezi kuleta matokeo sawa. Mafuta hayo hayagandi yakawa safu, hukusanya vumbi na mwishowe hunuka.

Kanuni ya tatu ni kutoharakisha. Molekuli huhitaji joto kidogo na muda wa kutafuta nafasi zake kabla ya kuganda. Ndiyo sababu viwanda hupitisha matunda yaliyopakwa kwenye hewa vuguvugu. Utando uliokauka ovyo una mipaka mingi na mapengo mengi, na tumeshaona kuwa uharibifu huanzia hapo.

Kanuni ya nne ni kuepuka jasho la tunda. Embe linalotolewa chumba cha baridi na kuwekwa ghafla kwenye hewa ya joto yenye unyevu hulowa, kama inavyolowa chupa ya soda. Sheleki haipendi hali hiyo. Hubadilika ikawa nyeupe na kuanza kubanduka. Karnauba huvumilia zaidi. Anayepaka nta hana budi kujua tunda lake litasafiri vipi kabla ya kuchagua atakachopaka. Baridi yenyewe nayo ina mipaka: embe bichi likiwekwa kwenye nyuzi zilizo chini sana ya 10 za Selsiasi, huumia na haliivi vizuri.

Kanuni ya tano ndiyo inayowapotosha wengi. Utando imara si utando mnene. Tunda linahitaji kuingiza oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Ukilifunika kupita kiasi, linakosa hewa, sukari yake huanza kuchacha na ladha ya pombe hujitokeza ndani ya ganda linalong'aa. Lengo ni utando mwembamba usio na mapengo, si koti zito.

Nta haifufui

Yapo mambo ambayo nta haiwezi, hata iwe bora namna gani. Haiponyi jeraha wala haikomazi embe lililochumwa changa. Haiui viluwiluwi vya nzi wa matunda, ambavyo tayari vimo ndani ya tunda. Nzi huyo ndiye aliyesababisha Kenya kujizuia yenyewe kuuza maembe katika Umoja wa Ulaya mwaka wa 2014, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021. Mapambano dhidi yake ni ya mitego, usafi wa shamba na kuyatumbukiza matunda katika maji ya moto yaliyopimwa vyema. Ikiwa maji hayo ya moto yatatumika, ni lazima yatangulie na nta ifuate, kwani mpangilio ukigeuzwa, joto litayeyusha kilichopakwa.

Wala nta haichukui nafasi ya baridi. Katika kituo cha Karurumo, Kaunti ya Embu, wakulima wadogo walioungana wameonyeshwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakiongozwa na Profesa Jane Ambuko, jinsi ya kutumia vibanda vya makaa vinavyopozwa kwa maji pamoja na vyumba vya baridi vya gharama nafuu. Utando mzuri juu ya tunda lililopozwa hufanya kazi maradufu, kwa sababu baridi hupunguza upumuaji na pia hutuliza molekuli za utando wenyewe.

Umuhimu wa kuunganisha njia hizo umedhihirika baharini. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizilazimu meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka wa 2024 safari ya avokado za Kenya kuelekea Ulaya ilirefuka kwa takriban majuma mawili. Majuma mawili ndiyo tofauti kati ya tunda gumu na tunda lililolainika kasha likifunguliwa, na hasara ya tunda hilo mara nyingi hurudi kwa mkulima wa Meru aliyekwisha kulisahau.

Kikundi cha wakulima kinachotaka kujua kama nta kinayouziwa inafaa hakihitaji maabara kubwa. Kichukue maembe 20 ya mti mmoja, yaliyochumwa siku moja na yenye ukomavu sawa. Kumi yapakwe, kumi yaachwe, yote yawekwe mahali pamoja na kupimwa uzito kila asubuhi kwa mizani ileile. Tofauti ya uzito baada ya siku saba itasema ukweli kuliko tangazo lolote. Aidha, kidondoshee tone dogo la maji sehemu mbalimbali za tunda lililopakwa. Tone likijiviringa mahali pamoja na kutandaa mahali pengine, utando huo una mapengo.

Wateja nao wana haki yao. Mng'ao wa nta waweza kulifanya tunda la kale lionekane jipya. Ni jukumu la shirika la KEBS kuhakikisha kuwa kinachopakwa ni kile kilichoidhinishwa kwa chakula, na ni wajibu wa muuzaji kueleza kilichopakwa, hasa kwa kuwa wapo miongoni mwetu wanaokula embe na ganda lake.

Vyuo vipo karibu. Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vimezungukwa na mashamba ya matunda hayo, na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kipo mjini Embu. Nta za sasa hutoka Brazili na Asia, na fomula mpya hutoka California. Mbegu za avokado na maganda ya embe, ambayo hutupwa, yana mafuta na nta zinazostahili kuchunguzwa hapa hapa.

Kwa mkulima, thamani ya utando huo haipimwi kwa nanomita. Hupimwa kwa siku. Mkulima ambaye embe lake litaoza kesho hana la kumjibu dalali anayesimama langoni na lori. Yule ambaye embe lake linaweza kungoja juma moja zaidi anaweza kukataa bei ya kwanza, akapiga simu Nairobi, akaungana na jirani zake na kusubiri mnunuzi wa pili.